Akaunti zilizolala zifungwe kabla ya mvua

Mkulima wa Mpitimbi, Wilaya ya Songea, hahitaji kufundishwa thamani ya daftari. Kila mwaka mvua za kupandia zinapokaribia, jina lake lazima lionekane mahali fulani ndipo apate mbolea kwa bei ya ruzuku. Mazao yakishavunwa, jina hilohilo linatakiwa kuonekana kwenye chama cha msingi, ghalani na katika orodha ya malipo. Zamani liliandikwa kwa kalamu kwenye daftari kubwa la jalada gumu na kufungiwa kabatini kwa katibu. Leo liko ndani ya kompyuta, na anayetaka kulifikia anahitaji simu na neno la siri tu.

Mabadiliko hayo yana manufaa ambayo hakuna mtu mwenye nia njema anayeweza kuyabeza. Hesabu zinafanyika haraka, karatasi hazipotei kwa mvua wala mchwa, na mkaguzi anaweza kuona mjini kilichopimwa kijijini. Hata hivyo, ipo kazi moja ambayo wengi wameisahau. Mifumo inaingiza majina mapya kila msimu, lakini ya zamani hayaondolewi. Waliofariki bado wamo. Waliohama bado wamo. Makarani walioacha kazi bado wana ruhusa ya kuingia. Kwa lugha ya wataalamu wa kompyuta, hizo ni akaunti zilizolala.

Ni wakati mwafaka sasa kwa vyama vya ushirika, kampuni za pembejeo, mawakala na ofisi za vijiji kuufanya usafi wa akaunti hizo kuwa kazi ya kila mwaka, kabla mbegu haijaingia ardhini. Anayeibiwa kupitia akaunti iliyolala si kompyuta. Ni mkulima anayesubiri mfuko wake wa mbolea.

Ufunguo usioonekana

Akaunti ni ruhusa ya mtu mmoja kuingia kwenye mfumo. Ina jina, ina neno la siri, na ina mipaka ya kazi: karani wa mizani anaingiza kilo, mhasibu anaandaa malipo, meneja anaidhinisha. Akaunti hulala pale mwenyewe anapoacha kuitumia na asitokee mtu wa kuifunga. Kijana aliyeajiriwa kwa msimu wa ufuta amerudi kwao. Mhasibu amepata kazi wilaya nyingine. Fundi aliyekuja kufunga mfumo alimaliza mkataba wake siku nyingi. Watu wameondoka, ruhusa zao zimebaki.

Ingekuwa ni ufunguo wa ghala, hakuna bodi ambayo ingekubali. Meneja akiondoka, makabidhiano hufanyika mbele ya mashahidi. Ufunguo, muhuri, vitabu vya risiti, mizani, hata meza na viti huandikwa kimoja kimoja. Neno la siri haliandikwi kwenye orodha hiyo kwa sababu halionekani kwa macho wala halina uzito mkononi. Matokeo yake, mtu amerudisha ufunguo wa kufuli la shilingi elfu chache, lakini amebaki na ruhusa ya kuona au kubadili hesabu za mamilioni.

Hatari haiishii kwa yule aliyeondoka, ambaye huenda ni mwaminifu na ameshasahau hata neno lenyewe. Tatizo kubwa ni kwamba akaunti isiyo na mwenyewe haina mlinzi. Karani aliye kazini akikuta kilo ambazo hakuziingiza, atapiga kelele siku hiyohiyo. Karani aliyeondoka hawezi kuona chochote. Mwizi akiingia kwa jina lake, hata kama ni mtu wa ndani ya ofisi hiyohiyo, kumbukumbu zitaonyesha jina la mtu ambaye hayupo, na uchunguzi utaanzia mahali pasipo na mtu.

Aina ya pili ya akaunti iliyolala ni jina la mkulima mwenyewe. Agosti 2022, katika sherehe za Nane Nane mkoani Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa ruzuku ya mbolea kwa msimu wa 2022/23. Wakati huo bei ya mbolea duniani ilikuwa imepanda mno kutokana na misukosuko ya Uviko-19 na vita vya Ukraine. Mfuko wa kilo 50 wa Urea, ambao bei yake ilikuwa imevuka shilingi 120,000, uliteremshwa hadi shilingi 70,000 hivi. Wakulima waliandikishwa vijijini, taarifa zao zikaingizwa kwenye mfumo wa kidijitali chini ya Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea Tanzania (TFRA), na kila mmoja akapewa namba yake ya usajili. Baadaye idadi ya waliosajiliwa ilivuka milioni 3.

Namba hiyo ndiyo akaunti ya mkulima. Akifariki na namba isifungwe, stahili yake inabaki hai. Akihama kwenda Tunduru au Morogoro na kujiandikisha upya huko, mtu mmoja anageuka wawili. Aidha, ipo hatari inayosahaulika zaidi, nayo ni ya namba ya simu. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, na namba yake inaweza kupewa mteja mwingine. Ujumbe uliokusudiwa kumfikia mkulima wa Mpitimbi unaweza kuishia kwenye simu ya mtu asiyejua hata Songea iko upande gani.

Hesabu yake si ngumu. Chukulia kata moja ina majina 100 ya watu ambao hawapo tena, na kila jina linaruhusiwa mifuko miwili. Hiyo ni mifuko 200. Kama Serikali inachangia shilingi 50,000 kwa kila mfuko, kata hiyo peke yake ina shilingi milioni 10 zilizo mlangoni bila mlinzi. Kwa kawaida mfuko mmoja wa Urea hutosha kukuzia ekari moja ya mahindi, hivyo mifuko hiyo ingetosha ekari 200 za wakulima walio hai. Aliyechelewa kupata mbolea hadi mahindi yakatoa mbelewele anajua maana ya hesabu hiyo kuliko mchumi yeyote.

Ugonjwa wa zamani

Majina yasiyo na watu hayakuletwa na kompyuta. Mikoa ya nyanda za juu kusini, Ruvuma ikiwamo, iliyaona wakati wa vocha za pembejeo kuanzia msimu wa 2008/09 hadi 2013/14. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha za mbolea na mbegu za kutosha ekari moja, na kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyopitisha majina. Wako walionufaika, na mavuno yao yaliongezeka. Lakini malalamiko ya sahihi za kughushi, vocha zilizouzwa kwa bei ya kutupa na majina ambayo wanakijiji hawakuyatambua yalisikika sehemu nyingi.

Hata hivyo, wakati ule mwizi alilazimika kushika karatasi, kughushi sahihi na kupita mbele ya watu wanaojuana. Katika mfumo wa kompyuta anahitaji kujua namba na neno la siri tu, na anaweza kuyatumia usiku akiwa amekaa kitandani. Kompyuta hufanya kazi njema kwa haraka, na mbaya nayo huifanya kwa haraka ileile.

Watanzania wanaikumbuka pia operesheni ya watumishi hewa ya mwaka 2016, wakati wa utawala wa Rais John Magufuli. Katika miezi michache tu, majina zaidi ya 10,000 yaligundulika kwenye orodha ya mishahara ya Serikali bila kuwa na watumishi halali nyuma yake. Walikuwamo waliofariki, waliostaafu na walioacha kazi. Kwa nje orodha ilikuwa safi na imechapwa vizuri. Kasoro ilikuwa kwamba hakuna aliyekuwa ameichukua na kwenda nayo kituo hadi kituo kuwaita wenye majina mmoja mmoja.

Mlango mmoja tu

Wapo watakaosema kwamba akaunti moja ya karani mmoja haiwezi kuliangusha shirika. Jibu lao lilipatikana Marekani mwaka 2021. Kampuni ya Colonial Pipeline inasafirisha mafuta kwa bomba lenye urefu wa takriban kilomita 8,850, kutoka Texas hadi eneo la New York, na hubeba karibu nusu ya mafuta yanayotumika katika pwani ya mashariki ya nchi hiyo. Mei 7, 2021, wahalifu walifunga kompyuta za kampuni hiyo na kudai fidia. Uongozi ukalazimika kusimamisha bomba zima kwa siku kadhaa. Foleni zikajaa kwenye vituo vya mafuta na baadhi ya vituo vikakauka kabisa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba wahalifu hao waliingia kwa kutumia akaunti moja ya zamani ya kuunganisha kompyuta kutoka nje ya ofisi. Akaunti hiyo haikuwa ikitumika tena, lakini ilikuwa haijafungwa. Ilihitaji neno la siri pekee, bila uthibitisho wa pili kama ule wa ujumbe unaotumwa kwenye simu. Kampuni ililipa takriban dola milioni 4.4, ingawa sehemu ya fedha hizo ilirejeshwa baadaye na Serikali ya Marekani.

Kampuni hiyo haikukosa fedha wala wataalamu. Ilichokosa ni kazi ya nusu saa, yaani kuangalia orodha ya akaunti, kuuliza nani bado anaitumia hii, na kufunga ile isiyo na mwenyewe. Kama shirika la ukubwa huo liliingiliwa kupitia mlango uliosahaulika, chama cha msingi chenye kompyuta moja na makarani wanaobadilika kila msimu hakina sababu ya kujiona kiko salama.

Pupa nayo inaumiza

Pamoja na yote hayo, usafi unaofanywa kwa pupa unaweza kuleta madhara makubwa kuliko uchafu wenyewe. Nchi ina funzo la karibu. Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019. Tarehe ya mwisho iliyopangwa ilikuwa Desemba 31 mwaka huo, ikasogezwa hadi Januari 20, 2020, kisha laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Lengo lilikuwa zuri, kwani matapeli walikuwa wanajificha nyuma ya laini zisizo na wenyewe. Lakini walikuwapo pia wananchi halali, wengi wao wakiwa vijijini, waliokuwa bado wanasubiri kitambulisho au namba ya Taifa. Kwa mtu ambaye simu yake ndiyo pochi yake, hilo halikuwa jambo dogo.

Daftari la wakulima linaweza kuleta maumivu hayohayo. Mfano ulio wazi ni wa mjane. Shamba liliandikishwa kwa jina la mume, mume amefariki, na mama ameendelea kulima ekari zilezile kwa jembe lilelile ili watoto waende shule. Akinunua mbolea kwa namba ya marehemu, kwa mfumo huyo ni mkulima hewa. Kwa kijiji, ni mkulima halisi kuliko wengi. Ofisa aliyeko mjini akifuta jina la marehemu kwa kubonyeza kitufe kimoja, atakuwa ameondoa jina la uongo na kumnyima mbolea mtu wa kweli.

Kwa hiyo utaratibu unaofaa ni mmoja: siku jina la marehemu linapofungwa, ndiyo siku jina la anayelima shamba lile linapofunguliwa. Mambo hayo mawili yasitenganishwe hata kwa wiki moja, maana katika kilimo wiki moja inatosha kupoteza msimu. Vivyo hivyo kwa hisa za mwanachama wa ushirika. Kumwondoa kwenye orodha bila kumwita mrithi wake ni kuhamisha dhuluma kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye familia.

Kulala si kufa

Kampuni nyingi za mjini zina kanuni nyepesi, kwamba akaunti isiyotumika kwa siku 90 inafungwa. Kwa benki au kiwanda kinachofanya kazi mwaka mzima, kanuni hiyo inafaa. Kwa kilimo haifai hata kidogo, na wanaoandaa mifumo ya wakulima wanapaswa kulielewa hilo.

Mkulima wa mahindi hununua mbolea ya kupandia na ya kukuzia katika miezi michache, kisha hana sababu ya kugusa namba yake hadi mvua za mwaka unaofuata. Karani wa ufuta ana kazi nyingi wakati wa mnada, halafu anakaa miezi mingi bila kuingia kwenye mfumo. Kwa kanuni ya siku 90, wote wawili wangefungiwa kila mwaka, kisha ofisi ingejaa watu wanaoomba kufunguliwa siku ileile ambayo mbolea imefika. Mkulima anajua tofauti ya shamba lililolazwa na shamba lililotelekezwa. Lililolazwa lina mwenyewe, na atarudi.

Kipimo sahihi cha kilimo ni msimu. Jina lisilotumika msimu mzima liulizwe. Lisilotumika misimu miwili na lisilo na mtu wa kulisemea lifungwe. Ama kwa karani wa msimu, akaunti yake ipewe tarehe ya mwisho tangu siku inapofunguliwa. Mkataba wake ukiisha Agosti, ruhusa yake nayo iishe Agosti bila kusubiri mtu akumbuke. Akiajiriwa tena mwakani, ifunguliwe tena.

Ziko pia akaunti zinazoonekana zimekufa kumbe zinafanya kazi kimyakimya. Nyingine ni za mashine, kama ile inayotuma ujumbe wa malipo kwa wakulima au inayotunza nakala ya akiba ya hesabu. Kuzifunga bila kuuliza ni sawa na kung'oa nguzo kwa kuwa haijaonekana ikitembea. Kila akaunti ya namna hiyo iandikwe kazi yake na jina la mtu anayewajibika nayo.

Kufunga si kufuta

Ni vema pia tofauti ya maneno haya mawili ikaeleweka kwa wajumbe wa bodi. Kufunga akaunti ni kuzuia mtu asiingie, huku kila alichokifanya kikibaki kwenye kumbukumbu. Kufuta ni kuiondoa kabisa, na katika mifumo mingine kumbukumbu huondoka nayo au hubaki bila jina la mtendaji. Anayefuta kwa haraka anaweza kufuta ushahidi. Mkaguzi kutoka Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (COASCO) akija kuuliza nani aliingiza kilo hizi miaka miwili iliyopita, jibu lazima lipatikane.

Kwa hiyo anayeondoka leo afungiwe leo. Kufuta kusubiri hesabu zikaguliwe na malalamiko yote yamalizike. Hata hivyo, kutunza taarifa za mtu milele nako si sahihi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za watu ziwe sahihi na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Namba ya kitambulisho, simu na ukubwa wa shamba la mtu si mali ya ofisi ya kutunzwa bila sababu. Nayo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamwadhibu anayeingia kwenye mfumo bila ruhusa. Lakini sheria humkuta mwizi akiwa ameshatoka. Kufunga mlango ni kazi ya mwenye nyumba.

Vyama vya ushirika vina sababu nyingine ya ziada. Orodha ya wanachama ndiyo inayotumika kupima akidi ya mkutano mkuu. Orodha ikijaa waliofariki na waliohama, mkutano wa watu halali unaweza kuonekana haujatimia, au wajanja wakapata majina ya kujazia mahudhurio. Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika (MUVU), na hiyo ni hatua nzuri. Lakini mfumo wa Taifa hauwezi kujua nani amezikwa Mpitimbi wiki iliyopita. Wanaojua ni watu wa Mpitimbi.

Dukani nako

Mfanyabiashara mdogo asidhani habari hii inawahusu wenye kompyuta pekee. Wakala wa fedha kwa simu aliyemwachia kijana namba ya siri ya laini ya uwakala, kisha kijana akaondoka, ana akaunti yenye watu wawili. Mwenye duka la pembejeo aliyempa msaidizi simu yenye programu ya kuuzia mbolea ya ruzuku yuko katika hali hiyohiyo. Mauzo yakifanyika kwa jina lake, atakayeitwa kujieleza ni yeye.

Dawa yake haina gharama. Namba ya siri ibadilishwe siku ileile msaidizi anapoondoka, hata kama wameagana kwa heri. Kila msaidizi awe na akaunti yake pale mfumo unaporuhusu. Simu ya zamani ikiuzwa au kupotea, iondolewe kwenye mfumo. Baadhi ya wenye maduka huona haya kubadili namba baada ya ndugu kuondoka, wakihofia kuonekana wanamshuku. Haya hiyo haina msingi. Namba ikibadilishwa, ndugu naye anakuwa salama, maana fedha zikipotea baadaye hakuna atakayemnyooshea kidole.

Kazi ianzie kijijini

Utaratibu wenyewe hauhitaji fedha nyingi wala mtaalamu kutoka ng'ambo. Mwezi mmoja au miwili kabla ya mvua, msimamizi wa mfumo achape orodha ya akaunti zote, ionyeshe jina, kazi na tarehe ya mara ya mwisho kutumika. Kwa upande wa watumishi, bodi iipitie orodha hiyo pamoja na orodha ya ajira. Kila jina lisilo na mtu aliye kazini lifungwe siku hiyo. Akaunti zinazoitwa karani wa kwanza au ofisi, ambazo watu watano wanatumia neno moja la siri, zivunjwe na kila mmoja apewe yake.

Kwa upande wa wakulima, orodha ya kila kitongoji isomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji, ofisa mtendaji na ofisa ugani wawepo. Yasomwe majina pekee, bila namba za simu wala za vitambulisho. Aliyefariki atajwe na anayelima shamba lake asimame. Aliyehama atajwe alikokwenda. Majina yasiyojulikana na mtu yeyote yaandikwe pembeni na kubandikwa kwenye mbao za matangazo kwa wiki mbili, ili aliyekuwa safarini au mgonjwa asidhulumiwe. Baada ya hapo yafungwe, na anayejitokeza baadaye na ushahidi afunguliwe bila kuzungushwa.

Jambo jingine ni kwamba kazi hii isiachwe mikononi mwa mtu mmoja. Anayefungua akaunti asiwe ndiye pekee anayekagua zilizofunguliwa. Akaunti za wakubwa nazo zisomwe kama za wengine. Mara nyingi akaunti hatari kuliko zote si ya karani. Ni ya meneja aliyestaafu, ambayo inaweza kuidhinisha kila kitu na ambayo hakuna kijana wa ofisini anayethubutu kuuliza kwa nini bado iko wazi. Heshima kwa aliyestaafu ionyeshwe kwa kumwaga vizuri, halafu akaunti yake ifungwe.

Taasisi zinazosimamia mifumo nazo zina wajibu wao. Zinapaswa kuwapa viongozi wa vijiji njia rahisi ya kutoa taarifa ya kifo au kuhama, kuhakikisha taarifa hiyo inafanyiwa kazi kabla ya msimu, na kuacha kupima mafanikio kwa wingi wa waliosajiliwa pekee. Idadi inayopanda kila mwaka bila kushuka hata jina moja si ya kujivunia, kwa sababu hakuna kijiji ambacho watu huzaliwa na kukua tu bila kufa wala kuhama.

Wafanyabiashara wa siku nyingi huwaambia wanaoanza kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Songea inalo daftari, tena la kisasa. Lakini daftari lenye majina ya waliozikwa na funguo za walioondoka linaweza kupoteza mali vilevile, na safari hii likionyesha hesabu zilizokamilika. Kabla ya kuuliza mbolea itafika lini, mkutano wa kijiji na bodi ya chama ziulize kwanza nani yumo kwenye orodha na nani bado ana ufunguo. Kazi hiyo ifanywe sasa, maana wingu likishatanda hakuna atakayeacha jembe kuja kusikiliza majina.